Mnemba, Misali au Maziwe? Namna ya kuchagua pa kupiga snorkeli boti inaposimama visiwani

Sisi wa Moshi na Arusha tukipanga safari ya visiwa huwa tunaanza na jina. "Nataka Mnemba." "Nataka ule mchanga mweupe niliouona kwenye simu ya shemeji." Jina lina nafasi yake, ila likitangulia linaponza. Mwamba uleule unaokuonyesha samaki wa kila rangi saa tatu asubuhi, ikifika saa nane unaweza kukupa maji ya ukungu na mkondo wa kukukokota. Kwa hiyo utaratibu ninaowapa watu wangu ni huu: chagua kwanza siku na saa, halafu upande uliokingwa na upepo, na kisiwa chenyewe kije mwisho.

Ninapanga safari za pwani kwa wenyeji wa huku: maharusi wanaokwenda fungate, vikoba vinavyovunja mwisho wa mwaka, familia zinazosubiri shule zifungwe, wapagazi na waongozaji wa mlima msimu ukipoa. Wengi wameogelea kwenye bwawa la hoteli, na wengine hawajui kuogelea kabisa. Nawaandikia hao. Safari ninayoizungumzia ni ya boti inayozunguka siku nzima, au siku kadhaa, na kusimama sehemu mbili hadi nne, kila sehemu nusu saa au saa moja. Kwa muda huo huwezi kujaribu kila mahali. Ni lazima ujue kituo kipi unavaa miwani na mrija wa kupumulia upige snorkeli, yaani uelee kifudifudi ukitazama samaki, kipi unaoga tu, na kipi unabaki kwenye boti unamenya chungwa.

Anzia Chemka

Kifaa kigeni usikizoelee kwenye maji ya kina huku boti inayumba. Chemchemi ya Kikuletwa, ambayo wote tunaiita Chemka, iko ng'ambo ya Boma Ng'ombe, maji yake ni ya uvuguvugu na maangavu kiasi cha kuona mizizi ya miti ikiwa chini. Nenda siku ya kazi asubuhi. Jumapili mchana watu wamejaa kwenye ile kamba ya kurukia, utapigwa teke la kichwa. Kaa upande uliotulia, mbali na pale maji yanapotokea kwa nguvu.

Kwanza pima miwani. Iweke usoni bila kuvaa mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikinata, inakufaa. Ikidondoka, hata ukikaza mkanda mpaka kichwa kianze kuuma itaingiza maji tu. Mwenye masharubu apake mafuta ya mgando kidogo chini ya pua. Miwani ikipata ukungu, tema mate ndani, sugua, suuza. Wazamiaji duniani kote hufanya hivyo na hakuna anayecheka.

Halafu mrija. Laza uso majini, pumua kwa mdomo polepole, pumzi ndefu. Ukishatulia, jizamishe makusudi mpaka mrija ujae maji, inuka na upulize kwa nguvu mara moja, yaruke yote. Rudia hadi uweze kufanya hivyo bila kusimama wala kuvua kitu. Hili ndilo linalowaangusha wengi: wimbi dogo linaingia kwenye mrija, mtu anameza maji ya chumvi, anashtuka, anang'oa miwani, na hapo ndipo shida inapoanza. Aliyelizoea hupuliza na kuendelea kutazama samaki.

Jifunze pia kugeuka chali. Anayechoka akalala chali na kuelea, anapumzika. Anayejaribu kusimama wima kwenye maji yasiyo na kina cha kukanyaga anamaliza nguvu zake bure.

Mwisho, fanya yote hayo ukiwa na jaketi okozi. Vijana wetu wanaliona jaketi kama la watoto, lakini kupiga snorkeli ni kazi ya juu ya maji: unaelea kifudifudi na kutazama chini. Jaketi halikunyimi samaki hata mmoja, na waogeleaji wazuri tu hulivaa ili wasichoke. Ukienda Chemka mara mbili na bado miwani inakutia kiwewe, usilipie safari ya mwamba wa bahari kuu. Chukua ya fungu la mchanga na maji ya kiunoni, utafurahi zaidi.

Siku na saa: tazama mwezi kabla ya bei

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani ya Unguja tofauti ya kina inaweza kufika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hupungua mpaka mita moja na kitu. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa mkondo. Maji ya mita 4 yakitakiwa kutoka yote ndani ya saa sita, yakipitia vijia vilivyo kati ya mwamba na mwamba, yanakwenda mbio, na wewe ukiwa kati utakwenda nayo.

Wavuvi wa Unguja na Tanga wana hesabu isiyohitaji simu. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo yanapokaribia kujaa. Kama ukutani una kalenda ya Kiislamu, bamvua itafute mwanzoni mwa mwezi na katikati yake, na maji mafu yapo kama juma moja baada ya kila moja. Ukitaka dakika kamili, jedwali la maji linapatikana kwenye simu, lakini hesabu hii inatosha kuchagua wiki ya safari ukiwa bado Kiboriloni.

Unataka maji yapi? Kwa kutazama samaki, saa moja kabla ya maji kujaa mpaka kidogo baada ya hapo ndiyo saa nzuri. Maji yanayoingia yanatoka bahari kuu, ni masafi. Yanayotoka yanakokota mchanga na nyasi za majini na kuyatia uvundevunde. Tena maji yakishajaa husimama kwa muda kabla ya kugeuka, na mkondo hulala. Yakiwa yamekupwa, mwamba wa ndani unakuwa na kina kifupi mno na utakwaruza tumbo, ingawa ukingo wa nje wa mwamba bado unafaa.

Hapa ndipo ninapobishana na wateja. Wanataka asubuhi moja wapate fungu la mchanga jeupe katikati ya bahari, na wapate mwamba wenye maji angavu yaliyotulia. Fungu la mchanga hutokeza maji yakikupwa. Mwamba unapendeza maji yakijaa. Vyote viwili kwa ubora wake havikutani saa moja. Anayepiga snorkeli kwa mara ya kwanza namshauri maji mafu, asubuhi, mwamba kwanza. Anayetaka picha za mchanga akiwa na nguo nyeupe aende siku za bamvua, na asinung'unike samaki wakiwa wachache.

Kuhusu mwanga, saa tatu hadi saa sita ndio muda bora. Jua limepanda vya kutosha kufika chini, na upepo wa mchana haujachachamaa.

Upepo na miezi

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Masika huja mwishoni mwa Machi, Aprili na Mei, na mvua zake hutia mito tope. Kusi hushika Juni mpaka Septemba. Oktoba na Novemba upepo huwa mwepesi na maji huwa angavu, na kama mwajiri wako anakuruhusu kuchagua likizo, chagua hapo.

Shida ni kwamba familia nyingi husafiri shule zikifungwa, Juni na Desemba. Juni ni kusi. Pwani za mashariki na kusini zinapigwa, kwa hiyo tafuta visiwa vilivyo magharibi ya kisiwa kikubwa: Misali iko magharibi ya Pemba, Changuu na Bawe ziko magharibi ya Unguja, na kisiwa kikubwa kinawakingia upepo. Desemba, kaskazi inagonga kaskazini na kaskazini mashariki. Huko bado kunaendeka, ila ondoka alfajiri na uwe umerudi kabla ya mchana kuchacha. Kwenye kituo chenyewe kanuni ni ileile kwa udogo: kila kisiwa kina upande unaopigwa na upande uliotulia, na nahodha mzuri hutia nanga upande uliotulia bila kuambiwa.

Baridi isikutishe. Julai na Agosti maji yanakuwa kama nyuzi 25, na kwa mtu aliyezoea maji ya bomba ya Marangu hayo ni ya kuogea mtoto.

Vituo vyenyewe

Ninaanza na kilicho karibu na sisi, ambacho watu wa huku wanakiruka wakikimbilia Unguja. Basi la Tanga kutoka Moshi linapita Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, na siku hiyohiyo unaweza kulala Pangani. Maziwe ni kisiwa cha mchanga mtupu mbele ya Pangani, eneo tengefu la bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti. Bahari ikakila, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Kasa bado wanapanda kutaga, na kwa sababu maji hufunika mchanga, mayai huhamishiwa pwani ya Ushongo yaanguliwe salama. Kwa hiyo elewa unachokwendea: hakuna kivuli, hakuna choo, na bamvua ikijaa hakuna kisiwa. Boti huondoka Pangani au Ushongo kwa kufuata maji, si kwa kufuata saa ya kifungua kinywa. Mwamba unaokizunguka una matumbawe mazuri na watu ni wachache. Panga ufike maji yakiwa chini, ule na kupumzika mchangani, kisha uingie kwenye mwamba yakianza kujaa, maana hapo yanaingia yakiwa masafi.

Usipige snorkeli karibu na mdomo wa mto Pangani wenyewe, hasa masika. Maji ya Chemka uliyofanyia mazoezi yanaingia mto Kikuletwa, yanakwenda Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ndiyo mto Pangani; njiani unapokea na mito ya Upare na Usambara, na mvua zikinyesha unafika baharini na rangi ya chai ya maziwa.

Changuu, Bawe na Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, ndiyo safari inayouzwa zaidi kwa mtu mwenye siku moja tu. Changuu nenda ukawaone makobe wakubwa waliotoka Shelisheli na lile jengo la miaka ya 1890 lililojengwa liwe gereza, kisha eneo likatumika kuwatenga wagonjwa. Snorkeli ya hapo ni ya kawaida; ni karibu na bandari na boti zinapishana. Bawe ina mwamba bora kidogo, kwa hiyo mimi huomba boti ianzie huko. Nakupenda ni fungu la mchanga. Chini ni mchanga. Acha miwani kwenye begi, kula samaki wako.

Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, ni mwamba mpana uliozunguka kama pete, na kisiwa kidogo cha binafsi ndani yake. Wageni wa siku hawaruhusiwi kushuka kisiwani, na jambo hili watu hulijua wakiwa tayari wamelipa. Utaishia majini na kwenye boti. Matumbawe na samaki ni wa kweli, sifa hazikuzidishwa. Tatizo ni umati. Kuanzia kama saa tatu boti za Nungwi, Kendwa na Matemwe zinakutana sehemu zilezile, na utaona mapezi ya plastiki miguuni mwa watu wengi kuliko mapezi ya samaki. Ukilala Matemwe au Muyuni uko mlangoni. Ondoka saa kumi na mbili na nusu, uwe majini kabla yao. Mwambie nahodha akupeleke pembe iliyokingwa na upepo wa siku hiyo, na afunge boti kwenye boya kama lipo badala ya kutupa nanga juu ya matumbawe. Mkondo wa Mnemba una nguvu siku za bamvua. Asiyejua kuogelea asipelekwe huko siku hizo, hata kama jirani yake alikwenda akarudi na picha nzuri.

Pomboo wakitokea njiani, boti nyingine huwakimbiza na kuwarusha watu mbele yao. Kataa. Wanyama wanachoka, na wewe utaona mkia tu.

Ghuba ya Menai, kusini magharibi ya Unguja, ni safari ya siku nzima kutoka Fumba: mafungu ya mchanga, mikoko, kisiwa cha Kwale na chakula cha mchana. Ni hifadhi tangu 1997. Matumbawe yako kwa vipande vipande, si mwamba mrefu, na kina si cha kutisha. Kwa kikoba chenye watu wa umri wote ndipo ninapowapeleka. Safari hizi kwa kawaida zina vituo viwili vya snorkeli. Wekeza nguvu kwenye cha kwanza, kwa sababu baada ya pilau na kamba hakuna anayepiga mapezi.

Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe, si pa kupitia tu. Unaweka nafasi mapema, nafasi ni chache, na unaingia majini na mwongozaji wa hapo. Uvuvi umezuiwa tangu hifadhi ilipotangazwa mwaka 1994, na kuzamia kwa mitungi hairuhusiwi, snorkeli tu. Matokeo yake unayaona kwa macho: samaki wakubwa wasiokimbia na matumbawe yaliyosimama wima. Kama pesa yako inatosha kituo kimoja kizuri badala ya vitatu vya wastani, ni hapa.

Misali inataka ufike Pemba kwanza. Mwamba wake una sehemu ya juu yenye kina kifupi, kisha unakatika ghafla na chini ni buluu nzito. Anayeogopa kuona shimo chini yake abaki juu ya mwamba, wapo samaki wa kumtosha.

Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania Bara, mwaka 1995, ina ghuba ya Chole ambayo maji yake huingia na kutoka kupitia mlango mwembamba. Piga snorkeli ndani ya ghuba maji yakiingia, na usikaribie mlango yakitoka. Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani asiye na madhara, huonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari, lakini hiyo ni safari nyingine na boti nyingine.

Jambo moja linahusu vituo vyote. Joto kali la bahari mwaka 1998, na tena 2016, lilipausha matumbawe mengi ya pwani hii. Mengine yamepona, mengine yamebaki mifupa ya kijivu. Picha nzuri ya tangazo inaweza kuwa ya zamani au ya kwingine kabisa. Omba picha au video ya chini ya maji iliyopigwa mwezi huu, mahali hapohapo. Mwenye boti anayekwenda kila siku atakuwa nayo kwenye simu.

Zungumza na nahodha, si na dalali

Dalali wa ufukweni hajui maji ya kesho. Omba kuongea na atakayeshika usukani, jioni ya kabla ya safari. Mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, karibuni."

"Kesho maji yanajaa saa ngapi?"

"Saa tano kasoro robo. Tukichelewa tutayakuta yashaanza kutoka."

"Na kituo cha kwanza ni mchanga au mwamba?"

"Wageni wengi wanapenda mchanga kwanza."

"Sisi tunaomba mwamba kwanza, mchanga baadaye."

"Mkiwa hapa saa moja na nusu, bila ya wasiwasi."

Umeshapata unachohitaji. Huyu anajua saa, anajua sababu, na yuko tayari kubadili ratiba. Anayejibu "muda wowote tu, bosi" mshukuru na utafute mwingine. Uliza pia kama jaketi okozi zipo za watu wote, pamoja na saizi za watoto. Nani ataingia majini pamoja nanyi. Nani atabaki kwenye boti akiwatazama. Na kama kuna ngazi ya kupandia. Boti isiyo na ngazi inampandisha mama mtu mzima kwa kumvuta makwapa, na hiyo ndiyo atakayoisimulia Machame nzima.

Mkiwa kikundi, pigeni hesabu ya kukodi boti nzima badala ya kulipia kiti kimoja kimoja. Boti ikiwa yenu, saa ni yenu.

Boti ikishasimama

Usikimbilie kuruka. Chukua dakika tano usome maji.

Tazama rangi. Buluu nyepesi inayong'aa ni mchanga. Mabaka ya kahawia ni matumbawe au nyasi. Buluu nzito ni kina. Mstari mweupe unaovunjika ni mwamba ulio karibu sana na uso wa maji, huko usiende. Unachotaka ni pale mabaka ya kahawia yanapopakana na buluu, kwa sababu samaki hupenda ukingo.

Tazama kamba ya nanga. Ikining'inia kilegevu, mkondo ni mdogo. Ikikazika kama ya kufungia ng'ombe na maji yakipiga povu kwenye kamba yenyewe, mkondo upo. Angalia pia povu au jani la mwani linaloelea: hesabu linapita boti kwa kasi gani na linaelekea wapi. Huo ndio upande utakaosukumiwa.

Ukiingia, anza kwa kwenda kinyume cha mkondo, urudi nao ukiwa umechoka. Jaribio rahisi: piga mapezi kwa utulivu kwa dakika moja kuelekea mbele ya boti. Kama hujasogea, shika ngazi, urudi kwenye boti. Wengine watakwambia "mbona sisi tunaweza", waache waweze.

Sababu nyingine za kubaki kwenye boti: huoni chini mahali pa mita 4 au 5, mawimbi yanaingia kwenye mrija kila baada ya pumzi mbili, kuna radi, kichefuchefu kimekushika, au hakuna mwenzako wa kuingia naye. Wawili wawili, siku zote. Ni saa moja tu unakosa, na kituo kinachofuata kipo.

Ukiwa chini ya jua, juu ya samaki

Mgeni huogelea huku na huko akitafuta samaki, nao wanamkimbia. Chagua kichwa kimoja cha tumbawe, elea juu yake bila kupiga mapezi, usubiri. Baada ya muda pono wanarudi kula, na masikio yakiwa majini utasikia wanavyotafuna mwamba, kru kru kru. Kangaja wanapita kwa kundi. Kwenye tundu, kichwa cha mkunga, samaki mrefu kama nyoka, kinachungulia mdomo wazi. Anapumua tu, hajakukasirikia, ila usimpe kidole. Mchangani pembeni utaona kiti cha pweza, yaani kiumbe mwenye umbo la nyota, chekundu au cha rangi ya maziwa. Kiache hapohapo, kikitolewa majini kwa ajili ya picha kinaumia.

Usikanyage. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na pezi lako linavunja miaka kumi kwa teke moja. Tena katikati yake wanakaa wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano, ambao mguu wako hautawasahau. Usiwatupie samaki mkate. Usijaze pumzi haraka haraka mara nyingi ili uzame kwa muda mrefu. Watu hupoteza fahamu majini kwa mtindo huo bila dalili yoyote. Ukiguswa na konyeza, kile kiumbe laini kama jeli kinachowasha, toka majini umwambie mwongozaji.

Jua linachoma mgongo, shingo na nyuma ya magoti bila wewe kuhisi, kwa sababu maji yanapooza. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana inafaa kuliko mafuta ya jua, na haiachi kemikali kwenye matumbawe. Akina mama wanaojisitiri, nguo ya kuogelea ya kufunika mwili ni sawa kabisa. Kanga na baibui viishie kwenye boti, vikilowa vinavuta chini.

Mengine kwa ufupi. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kuondoka, si ukishaanza kutapika. Asubuhi kula chepesi, mtori na nyama choma vingoje jioni. Beba kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa ada za hifadhi kwa raia ni ndogo kuliko za wageni, na mlangoni wataomba uthibitisho. Ukipita kijijini kwenda kwenye boti, jifunge kanga au vaa suruali.

Kurudi huku juu

Wanaoshuka Kilimanjaro huniuliza kama wanaweza kuingia baharini kesho yake. Wanaweza, kutoka juu kwenda chini hakuna ubaya, ila miguu ipate siku ya kupumzika kwanza. Swali la maana ni la kinyume chake. Snorkeli ya juu ya maji haikuzuii kupanda basi au ndege saa ileile. Lakini kama kituo kimojawapo kilikushawishi ukazamia na mtungi wa hewa, gesi iliyoingia mwilini inahitaji muda itoke kabla hujapanda juu: angalau saa 12 kwa mbizi moja, 18 au zaidi kwa mbizi kadhaa. Na Arusha, iliyo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ni juu vya kutosha kuhesabika, hata ukienda kwa basi la usiku kutoka Tanga. Mbizi iwe mwanzo wa safari, snorkeli iwe siku ya mwisho.